Mauzo ya mwezi ya mfululizo uliozinduliwa upya: toleo lipi ndilo la kulisoma?

Mtunza Jedwali ameuliza:

Ndugu zangu wapenda katuni,

Ninatunza jedwali la mauzo ya kila mwezi ya mifululizo ya mashujaa ambayo wachapishaji wa Marekani waliisimamisha kisha wakaianza upya kwa toleo namba 1. Nilianza na Batman ya Septemba 2011, ile ya Scott Snyder na Greg Capullo, nikaongeza Batman ya Juni 2016 iliyoandikwa na Tom King, halafu The Amazing Spider-Man ya Aprili 2014 na ile ya Julai 2018. Takwimu nimezitoa kwenye makadirio ya Comichron na ICv2, tovuti zinazofuatilia biashara ya katuni, ambayo kwa miaka mingi yalitegemea orodha za kila mwezi za msambazaji Diamond.

Umbo la mchoro halibadiliki sana kutoka mfululizo mmoja hadi mwingine. Toleo la kwanza linapaa, la pili linaporomoka, la tatu linashuka tena, na baada ya hapo mstari unateremka polepole. Shida yangu ni mahali pa kuanzia kusoma. Nikilinganisha toleo la kwanza na toleo la mwisho la mfululizo uliotangulia, kila uzinduzi unaonekana kuwa ushindi mkubwa. Nikilinganisha toleo la kwanza na la pili, kila uzinduzi unaonekana kuwa msiba. Spider-Man ya 2014 ndiyo inayonitatiza zaidi. Toleo lake la kwanza lilikadiriwa kupita nakala 500,000, la pili halikufika hata nusu ya hapo, na bado mfululizo uliendelea kuwa miongoni mwa nguzo za Marvel. Ukimwonyesha mtu asiyeujua biashara hii mistari miwili hiyo pekee, atakuambia mfululizo ulikufa kabla ya kutambaa.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, ni toleo lipi nilichukulie kuwa msingi wa kulinganishia? Pili, Batman ya 2016 ilitoka mara mbili kwa mwezi ilhali ya 2011 ilitoka mara moja. Je, niziweke sambamba kwa namba ya toleo au kwa mwezi? Tatu, nifanye nini na kipindi cha kuanzia 2020, ambapo orodha ya pamoja imetoweka? Sitafuti maoni kuhusu hadithi ipi ilikuwa tamu zaidi. Hilo tumeshalijadili mpaka tukachoka.

Karani wa Oda amejibu:

Ndugu Mtunza Jedwali, kabla ya kuamua usome wapi, inafaa tukubaliane unachokisoma. Namba hizo si za wasomaji. Ni za nakala ambazo maduka ya katuni yaliziagiza na kupelekewa. Tangu mfumo wa kuuza moja kwa moja kwa maduka ya katuni ulipoanza kushika miaka ya 1970, mwenye duka hupewa punguzo nono, karibu nusu ya bei iliyoandikwa kwenye jalada, na kwa upande wake hukubali kwamba nakala zitakazobaki ni mzigo wake mwenyewe. Orodha za Diamond zilihesabu chakula kilichopakuliwa. Kilicholiwa na kilichobaki kwenye sahani hazikukiona.

Niliwahi kuwa mtu wa kuandaa oda, kwa hiyo nitaeleza jinsi namba hiyo inavyozaliwa. Mchapishaji hutangaza toleo katika katalogi miezi miwili au zaidi kabla halijatoka, na duka hupeleka oda ya awali. Baadaye inakuja siku ya mwisho ya kurekebisha oda, ambayo kwa kawaida ni wiki tatu hivi kabla ya toleo kuingia dukani. Siku hiyo ikipita, umefunga. Unachoweza kufanya ni kuomba nyongeza iwapo ghala bado lina nakala.

Sasa chukua kalenda. Tuseme mfululizo unatoka kila baada ya wiki nne na toleo la kwanza linaingia dukani wiki ya 0. Toleo la pili litaingia wiki ya 4, kwa hiyo oda yake inafungwa wiki ya 1. Mwenye duka anaamua akiwa ameona siku chache tu za mauzo ya toleo la kwanza, siku ambazo wateja wengine hata hawajapita kuchukua mafungu yao waliyowekewa. Toleo la tatu litaingia wiki ya 8, na oda yake inafungwa wiki ya 5: hapo ameshaona mwezi mzima wa toleo la kwanza na wiki moja ya la pili. Toleo la nne linafungwa wiki ya 9, akiwa na mwezi mzima wa la kwanza, mwezi mzima wa la pili, na wiki moja ya la tatu. Ndiyo kusema oda ya toleo la pili ni ubashiri, ya tatu ni ubashiri uliosahihishwa, na ya nne ndiyo ya kwanza kutegemea kitu kinachofanana na ushahidi. Kwa mfululizo wa kila mwezi, mimi huanzia hapo, kwenye toleo la nne.

Hili linajibu pia swali lako la pili. Mfululizo unapotoka kila baada ya wiki mbili, oda ya toleo la pili inafungwa wiki moja kabla ya toleo la kwanza kutoka. Hakuna hata mteja mmoja aliyekwisha kulifungua. Endelea kuhesabu na utakuta kwamba toleo ambalo oda yake inafungwa wiki ya 9 si la nne tena, ni la saba. Ukiweka toleo la nne la Batman ya 2011 kando ya toleo la nne la Batman ya 2016, utaona ile ya 2016 imeshikilia wasomaji wake vizuri zaidi, na utakuwa umepima ratiba ya wasafirishaji badala ya mvuto wa kitabu. Panga kwa wiki tangu uzinduzi, usipange kwa namba ya toleo.

Kuna kikwazo kimoja kidogo. Toleo la saba na la nane la Batman ya 2016 yalikuwa sehemu ya hadithi iliyopita pia katika Nightwing na Detective Comics, na hadithi za namna hiyo huinua oda kwa sababu mtu anayefuata kitabu kimoja hulazimika kununua na kile kingine. Kwa hiyo mimi ningeruka hadi la tisa, ambapo Batman inarudi kusimama peke yake. Kwa ile ya 2011 la nne halina tatizo hilo. Muungano wake na vitabu vingine ulikuja baadaye, mwaka 2012.

Kuhusu toleo la kwanza lenyewe, lione kama bidhaa nyingine kabisa iliyobandikwa jina la mfululizo. Duka linaloagiza toleo namba 1 linawahudumia watu wa aina nyingi kwa mkupuo: wasomaji wa kudumu, wanaoonja, wanaokusanya namba 1 bila kuzisoma, na wanaotafuta majalada mbadala. Hao wa mwisho ndio wanaovuruga hesabu. Mchapishaji huweka sharti kwamba ili upate nakala moja ya jalada adimu uagize nakala 25 za jalada la kawaida, au 50, au 100. Tuseme duka lina wateja 18 wa kitabu hicho. Kwa akili ya kawaida lingeagiza 20. Lakini likiagiza 25 litapata jalada adimu ambalo linaweza kuuzwa kwa bei inayofidia zile nakala za ziada, kwa hiyo linaagiza 25, na zile saba zisizo na mwenyewe zinaishia kwenye sanduku la bei ya chini. Katika jedwali lako, saba hizo zimekaa kama wasomaji saba. Zidisha kwa maduka yote na utaelewa kwa nini Spider-Man ya 2014, iliyozinduliwa kwa majalada chungu nzima siku chache kabla ya filamu ya mhusika huyo kuingia kwenye kumbi za Marekani, ilipaa vile. Kuporomoka kwa toleo la pili hakukuwa wasomaji waliokimbia. Wengi wa waliohesabiwa hawakuwahi kuwepo.

Kipimo na Mizani amejibu:

Karani ameeleza vizuri upande wa duka. Mimi nitaongeza upande wa kipimo, kwa sababu ninashuku kwamba katika jedwali la ndugu yetu kuna mistari inayochanganya vipimo viwili.

Diamond haikuwa ikitangaza idadi ya nakala. Ilitangaza nafasi ya kila toleo pamoja na namba ya uwiano, ambayo msingi wake ulikuwa Batman: Batman ya mwezi huo ilipewa 100, na kila kitabu kingine kikapimwa kwa kulinganishwa nayo. Kitabu kilichopata 150 kilikuwa kimeagizwa mara moja na nusu ya Batman. Kazi ya watu kama John Jackson Miller wa Comichron ilikuwa kutafuta idadi halisi ya walau vitabu vichache, kwa njia za pembeni, kisha kurudi nyuma na kukokotoa Batman yenyewe ilikuwa nakala ngapi. Ukishaipata hiyo, orodha nzima inafunguka. Ndiyo maana yanaitwa makadirio, na ni makadirio mazuri, lakini yameegemea nguzo moja.

Sasa fikiria mwezi ambao nguzo hiyo yenyewe imezinduliwa upya. Tuseme mfululizo wako unauza nakala 40,000 Agosti na 40,000 Septemba, haujapanda wala kushuka. Batman inauza 50,000 Agosti, halafu Septemba inaanzishwa upya na kufika 100,000. Namba ya uwiano ya mfululizo wako itakuwa 80 mwezi wa kwanza na 40 mwezi wa pili. Kwa macho ya mtu anayefuata namba za uwiano pekee, umepoteza nusu ya wasomaji wako ndani ya siku 30, ilhali hakuna hata mmoja aliyeondoka. Septemba 2011 na Juni 2016 ni miezi ya namna hiyo hasa. Pitia jedwali lako, na popote ulipoweka namba ya uwiano, badilisha iwe makadirio ya nakala au ufute.

Mambo mengine matatu nitayapitia kwa haraka. Hadi mwanzoni mwa 2003 orodha zilihesabu oda za awali. Baada ya hapo zikawa zinahesabu nakala zilizosafirishwa, kwa hiyo usivuke mpaka huo kwa mstari mmoja bila kuweka alama. Uzinduzi wa 2011 wa DC, mchapishaji wa Batman, ule wa vitabu 52 kwa pamoja, uliruhusu maduka kurudisha nakala kwa masharti fulani, na Diamond ilikuwa ikipunguza sehemu ya idadi ya vitabu vinavyorudishika kabla ya kuviweka kwenye orodha, kwa hiyo wingi wa 2011 na wingi wa uzinduzi mwingine hazina asili moja. Na mwenye duka aliyehakikishiwa kwamba atarudisha kinachobaki huagiza kwa mkono mwepesi zaidi, jambo ambalo halihitaji maelezo.

La tatu linastahili kuangaliwa kwa karibu: tarehe ndani ya mwezi. Justice League namba 1, iliyofungua uzinduzi ule, iliingia dukani Jumatano tarehe 31 Agosti 2011. The Amazing Spider-Man namba 1 iliingia Jumatano tarehe 30 Aprili 2014. Vyote viwili vilitoka siku ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo orodha ya mwezi huo ilipata shehena ya kwanza tu, na nyongeza zote zilizoagizwa baada ya wateja kumiminika zikaingia kwenye orodha ya mwezi uliofuata, zikiwa mstari wa peke yake chini kidogo. Mtu asiyejua atauona mstari huo wa pili na kudhani ni kosa la uchapaji au kuurekodi kama toleo jingine. Kitabu kilichotoka tarehe 3 ya mwezi hupata karibu nyongeza zake zote ndani ya orodha moja. Ukitaka haki kati ya vitabu, jumlisha mwezi wa kwanza na wa pili kwa kila toleo, na ufanye hivyo kwa matoleo yote, si kwa namba 1 pekee.

Msomaji wa Majuzuu amejibu:

Ninakubaliana na yote yaliyosemwa kuhusu maduka, lakini naona mjadala unaelekea kudhani kwamba duka la katuni ndilo soko lote. Silo.

Ms. Marvel ya Februari 2014, yenye mhusika Kamala Khan, iliyoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa mwanzoni na Adrian Alphona, haikuwahi kukaa juu ya orodha za Diamond kwa namna ambayo ingemstua mtu anayefuata namba za mwezi. Toleo la kwanza lilichapishwa tena na tena, jambo ambalo kwa kawaida linamaanisha kwamba maduka yalibashiri chini ya mahitaji. Halafu yakaja mauzo ya kidijitali, ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote, na juzuu la kwanza lililokusanya matoleo ya mwanzo likauzwa sana katika maduka ya kawaida ya vitabu na kupata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mtu aliyekuwa na jedwali la mwezi pekee angetabiri kwamba kitabu hicho kitasimamishwa baada ya mwaka mmoja. Badala yake Marvel ilikizindua upya kwa namba 1 mnamo Novemba 2015, mwandishi akiwa yuleyule.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Uzinduzi upya hauna maana moja. Wakati mwingine ni jaribio la kuokoa kitabu kinachozama. Wakati mwingine ni ratiba ya kampuni nzima, kama ilivyokuwa kwa Marvel mwaka 2015, ambapo karibu kila kitabu kilianza upya, cha mafanikio na kisicho cha mafanikio. Kuweka aina hizo mbili kwenye safu moja ya jedwali na kutafuta wastani ni kujitafutia jibu lisilohusu chochote. Ningeongeza safu inayosema kwa nini mfululizo ulianzishwa upya: kampuni nzima, mwandishi mpya, au mauzo yaliyofifia. Sababu hizo huwa wazi katika matangazo ya mchapishaji yenyewe, isipokuwa hiyo ya mwisho, ambayo hakuna mchapishaji atakayeitamka. Hiyo utaisoma kwenye matoleo ya mwisho ya mfululizo uliotangulia.

Mtunza Jedwali ameandika:

Nawashukuru sana. Nimepitia jedwali na kweli nimekuta miezi ambayo nilinakili namba ya uwiano badala ya makadirio, nimezibadilisha. Nimeongeza pia safu ya sababu ya uzinduzi na kupanga upya kila kitu kwa wiki tangu toleo la kwanza.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Spider-Man ya 2014 ina matoleo yenye namba 1.1 hadi 1.5 yaliyotoka katikati ya matoleo ya kawaida, na sijaamua yakae wapi. Pia Action Comics ya Juni 2016 ilianza upya bila kuanza na 1: ilirudi kwenye hesabu ya zamani na kutoka kama namba 957, ikaenda hadi 1000 Aprili 2018. Je, huo ni uzinduzi upya kwa maana tunayoitumia hapa?

Karani wa Oda amejibu:

Matoleo ya 1.1 hadi 1.5 yatoe kabisa kwenye mstari mkuu na uyape mstari wake. Yalikuwa hadithi ya pembeni inayojitegemea, kuhusu siku za mwanzo za Peter Parker, yenye mchoraji wake, na maduka yaliyaagiza kama kitabu cha pili. Ukiyaacha katikati, mchoro wako utakuwa na meno kama ya msumeno na hutajua lipi ni anguko na lipi ni badiliko la bidhaa.

Kwa mfululizo huo pia usiishike kanuni yangu ya toleo la nne kwa upofu. La nne lilifungamanishwa na tukio la Original Sin, yaani hadithi kubwa inayopita katika vitabu vingi, na kuanzia la tisa tukio la Spider-Verse likaanza. Nafasi ya kupata toleo lililosimama lenyewe ni finyu, nayo iko kati ya matukio hayo mawili. Huu ni ugonjwa wa katuni za mashujaa kwa jumla: mchapishaji akiona mstari unateremka huingiza tukio, mstari unapanda kwa miezi miwili, kisha unarudi pale ambapo ungekuwa hata bila tukio, na mara nyingi chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo, badala ya kutafuta toleo moja safi, chora mstari kupitia matoleo yasiyo na tukio na uyaache yale ya matukio yaelee juu yake yakiwa na rangi nyingine.

Kuhusu Action Comics, ndiyo, ni uzinduzi upya. Mwandishi alibadilika, ratiba ikawa mara mbili kwa mwezi, na bei ikashushwa hadi dola 2.99 pamoja na vitabu vingine vya DC vya wakati huo. Kilichokosekana ni namba 1 kwenye jalada, na hilo kwako ni faida: hapo unaona uzinduzi usio na wakusanyaji wa namba 1, ingawa wale wa majalada mbadala bado wamo. Kuinuka kwake kwa mwanzo kulikuwa kwa kiasi fulani kweli zaidi kuliko kwa Batman. Namba 1000, kwa upande mwingine, ifute kwenye mstari wa mwelekeo. Ilikuwa sherehe yenye kurasa nyingi, majalada mengi na bei ya dola 7.99, ni namba 1 iliyovaa nguo nyingine.

Haoni Maana amejibu:

Nimesoma kwa makini na nina pingamizi kuhusu swali la tatu, ambalo naona watu wanalikwepa.

Kabla ya 2020 mlikuwa na msambazaji mmoja aliyebeba karibu kila kitabu cha katuni kilichoingia kwenye maduka ya Marekani, kwa hiyo orodha yake ilikuwa orodha ya soko. Aprili 2020 Diamond ilisimamisha usafirishaji kwa sababu ya janga la korona. Juni mwaka huohuo DC ilitangaza kuondoka. Oktoba 2021 Marvel ilihamishia usambazaji wake Penguin Random House, na wachapishaji wengine wakafuata njia zao. Januari 2025 Diamond iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Tangu mlango ulipofunguka mwaka 2020, hakuna mtu mmoja anayeona mizigo yote ikipita, na wasambazaji waliopo hawatoi orodha ya pamoja yenye namba zinazoweza kugeuzwa kuwa nakala.

Kilichopo sasa ni cha aina mbili. Kuna orodha za nafasi zinazotokana na mashine za malipo za maduka yanayotumia mfumo wa ComicHub, ambazo ICv2 huzichapisha, na kuna matangazo ya wachapishaji wenyewe. Hayo ya pili ni matangazo ya biashara: mchapishaji husema kwa sauti kubwa toleo la kwanza limeuzwa ngapi na hunyamaza kimya toleo la tano linapofika. Ukiyaweka kwenye jedwali moja na makadirio ya 2011, utakuwa na mfululizo wa vilele visivyo na mabonde. Ushauri wangu ni kulifunga jedwali Machi 2020 na kuanzisha jingine.

Kipimo na Mizani amejibu:

Ninakubali majedwali yawe mawili, lakini sikubali kwamba la pili halina kazi.

Orodha za ComicHub zina upungufu wa wazi: zinatoa nafasi bila idadi, na zinatoka kwenye sehemu tu ya maduka. Lakini angalia kinachopimwa. Ni nakala iliyopita kwenye mashine ya malipo mikononi mwa mteja. Zile nakala saba za Karani zilizoishia kwenye sanduku hazimo. Kwa mara ya kwanza tuna kipimo, hata kama ni cha nafasi tu, kinachosema kilicholiwa. Kwa mfululizo uliozinduliwa upya, swali la maana ni kama toleo la sita bado liko karibu na mahali lilipokuwa la pili, na nafasi inaweza kujibu hilo, mradi ukumbuke kwamba nafasi inaathiriwa na wapinzani waliotoka mwezi huohuo.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji orodha ya mtu yeyote, nayo ni uchapaji wa marudio. Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024, ililazimika kuchapishwa tena na tena. Toleo la kwanza kuchapishwa tena si habari, kwani mchapishaji anaweza kuchapa kidogo kwa makusudi ili apate kutangaza kwamba limeisha. Toleo la tatu, la nne au la tano likichapishwa tena, hiyo ni habari, kwa sababu linamaanisha kwamba maduka, yakiwa na ushahidi wote ambao Karani ameueleza kwa wiki zake, bado yaliagiza pungufu. Weka safu ya tarehe za uchapaji wa marudio kwa kila toleo, tangu la kwanza hadi la kumi na mbili.

Nyongeza moja kuhusu Batman ya 2016, upande wa fedha, ambao hakuna aliyeugusa. Nakala si fedha. Tuseme kitabu cha dola 3.99 kinauza nakala 40,000 mara moja kwa mwezi: thamani yake kwa bei ya jalada ni dola 159,600. Kitabu cha dola 2.99 kinachouza nakala 30,000 mara mbili kwa mwezi kina thamani ya dola 179,400. Katika jedwali lako la nakala kwa toleo, cha pili kimeshindwa kwa robo nzima; kwa mwenye duka anayelipa kodi ya pango kila mwezi, cha pili ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo ongeza safu ya thamani kwa mwezi karibu na safu ya nakala kwa toleo, na usizijumlishe.

Mtunza Jedwali ameandika:

Nimefuata ushauri wa kuyatenganisha. Jedwali la kwanza nimelifunga Machi 2020, na la pili litakuwa na safu ya nafasi, safu ya uchapaji wa marudio na safu ya thamani kwa mwezi pale bei inapojulikana. Ninaanza na Absolute Batman, kisha Batman iliyozinduliwa upya Septemba 2025 chini ya Matt Fraction na Jorge Jiménez. Kama kuna mwenye rekodi za tarehe za uchapaji wa marudio wa matoleo ya pili hadi ya sita ya Absolute Batman, naomba aziweke hapa, pamoja na tarehe ambayo kila uchapaji ulitangazwa na siku ulipoingia dukani, kwa kuwa hizo mbili hupishana kwa wiki kadhaa.